Kosa Linalohamahama: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Prosesa na Bildi Zinazogoma

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga na Tunduma. Waandishi wake hawafahamiani, lakini karibu wote wanauliza jambo moja: programu ikikataa kubildi (yaani kodi kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa), nitajuaje kama kosa ni la kodi yangu au la mashine yenyewe? Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu hatua zake ndizo msingi wa majibu mengine.

Uyole, Mbeya

*Shikamooni wakubwa. Naandika programu ya C++ ya kutunza hesabu za mazao. Kompyuta niliinunua iliyotumika: prosesa ya viini 8, RAM GB 16, natumia Ubuntu. Nikibildi, mara tatu kati ya tano inagoma na kuandika "internal compiler error: Segmentation fault". Leo inagomea faili hili, kesho lile. Nikirudia bila kugusa kitu, inapita. Fundi amefuta mfumo na kuupakia upya mara mbili, akabadilisha na RAM, hali ni ileile. Sasa anasema kodi yangu ndiyo mbovu. Ni kweli?*

Marahaba, mdogo wetu. Kwa hili, kodi yako haina kosa. Kodi ikiwa mbovu, kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) hutaja faili na mstari kisha inakataa kuendelea. Yenyewe haianguki. Ikianguka, ama ina kasoro ndani yake, ama mashine imeihesabia vibaya. Kasoro ya kompaila haihami: itagomea faili lilelile na mstari uleule, leo na kesho, kwako na kwa jirani. Gunia moja la mahindi ukilipima mara kumi na mizani ikatoa uzito wa aina kumi, hugombani na mahindi.

GCC, kompaila ya Ubuntu, hujichunguza yenyewe. Ikianguka hulirudia faili lile, na ikiona safari hii limepita huandika: "The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem." Sentensi hiyo mara nyingi hufunikwa na mistari ya faili nyingine zinazobildiwa kwa wakati mmoja. Itafute.

Kabla ya kufungua kasha, pata hesabu. Bildi mara kumi bila kubadilisha kitu, na kila mara hifadhi maandishi yote:

`for i in $(seq 1 10); do make clean; make -j8 > bildi$i.txt 2>&1 || echo "imegoma $i"; done`

Kama unatumia ccache (programu inayotunza matokeo ya bildi zilizopita), izime kwanza kwa `export CCACHE_DISABLE=1`. Usipoizima itakupa faili zilizobildiwa jana, na utadhani mashine imepona. Mwisho andika kwenye daftari: imegoma mara ngapi, faili gani, ujumbe gani. Namba hiyo utaihitaji kila utakapobadilisha kitu kimoja. Mashine iliyokuwa ikigoma mara sita kwa kumi ikipita mara kumi mfululizo, umepata jambo. Ikipita mara mbili tu, bado hujapata.

Sasa ondoa mtego wa kwanza. Ukiona neno "Killed" badala ya "Segmentation fault", tazama kumbukumbu za mfumo kwa `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`. Kukiwa na mstari wa "Out of memory: Killed process" wenye jina cc1plus (ndiyo kompaila ya C++), RAM imejaa na mfumo umeiua kompaila ili ujiokoe. Faili kubwa za C++ zinaweza kula GB 1 hadi 2 kila moja, na `-j8` hubildi nane kwa mpigo. Shuka hadi `-j4`, tatizo limekwisha. Huo si ubovu.

Baada ya hapo ni RAM. Fundi kuibadilisha si sawa na kuipima. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye hiyo flashi, iache usiku kucha ipite angalau mizunguko minne. Hata kosa moja ni kosa; hakuna RAM "nzuri kiasi". Likitokea, pima kijiti kimoja kimoja ndani ya tundu lilelile, kisha kijiti kizuri ndani ya kila tundu, ili utenganishe kijiti kibovu na tundu bovu. Kabla ya yote hayo ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine kabla mfumo haujawaka), rudisha mipangilio ya kiwandani na uzime XMP au EXPO, yaani mpangilio unaoisukuma RAM kupita kasi yake ya kawaida. Mashine nyingi zilizotumika huuzwa na mipangilio ya mmiliki wa kwanza ikiwa bado imo, na pengine alikuwa ameongeza kasi ya prosesa kwa ajili ya gemu.

Memtest86+ ikipita, usiseme mashine ni nzima. Umeiondolea shaka RAM tu. Kipimo hicho huandika na kusoma kwa maagizo machache yanayojirudia, wakati kompaila inaruka huku na huko ndani ya prosesa, inafuata vielekezi (anwani za mahali data ilipo) mamilioni na kubadilisha mzigo kila dakika. Kielekezi kimoja kikigeuka biti moja, kompaila inakwenda kwenye anwani isiyokuwepo na inaanguka papo hapo. Ndiyo maana kubildi hufichua ubovu ambao kutazama video na kuandika barua hakutaufichua kamwe.

Umeme na joto vinafuata. Wakati bildi inaendelea, weka maltimita kwenye waya wa njano na mweusi wa plagi ya diski. Waya wa njano unapaswa kubaki kati ya volti 11.4 na 12.6. Ukishuka chini ya hapo mzigo ukipanda, badilisha pawa saplai kwanza. Kwa joto, sakinisha lm-sensors na uendeshe `watch sensors`. Joto peke yake kwa kawaida haliharibu hesabu, kwani prosesa hupunguza kasi ikifika kikomo chake, lakini prosesa iliyokwisha kulegea hukosea zaidi ikiwa ya moto. Toa vumbi, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, kisha rudia zile bildi kumi.

Bado inagoma? Sasa ndipo unapoingia kwenye prosesa, na hapa usiwe na haraka. Prosesa ya viini 8 ni kama wafanyakazi wanane chini ya paa moja. Mara nyingi mbovu ni mmoja, saba ni wazima, ndiyo maana kosa linakuja na kuondoka: inategemea kazi imemwangukia nani. Linux kuanzia toleo 6.1 hukutajia mshukiwa. Andika `sudo dmesg | grep segfault` utaona mistari ya namna hii:

`cc1plus[48213]: segfault at 18 ip ... error 4 in cc1plus[...] likely on CPU 5 (core 2, socket 0)`

"Error 4" maana yake programu ilijaribu kusoma mahali pasipokuwa na kitu. "Likely on CPU 5" ndiyo unayoitafuta. Mstari mmoja si ushahidi, kwa kuwa programu inaweza kuhamishiwa kiini kingine kabla ujumbe haujaandikwa. Lakini ukikusanya mistari kumi, na mistari tisa kati ya hiyo ikataja "core 2", umeshamwona.

Mthibitishe kwa kumpa kazi peke yake. Kwanza tazama `lscpu -e`, maana kiini kimoja mara nyingi huonekana kama CPU mbili, tuseme 4 na 5 zote ni za kiini namba 2. Kisha endesha `taskset -c 5 make -j1`, halafu `taskset -c 6 make -j1`, moja baada ya nyingine. Zingatia jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: kiini kinapofanya kazi peke yake prosesa hukipandisha hadi kasi ya juu kabisa, na vyote vinapofanya kazi pamoja kasi hushuka lakini joto na mvuto wa umeme hupanda. Kuna ubovu unaojitokeza kwa hali ya kwanza tu, na mwingine kwa ya pili tu. Pima zote mbili.

Ongeza mprime, ambayo kwenye Windows huitwa Prime95. Chagua kipimo cha mateso chenye "small FFTs" na ukiache saa mbili. Inakokotoa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana. Ikiandika "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4", inataja pia ni mfanyakazi namba ngapi aliyekosea, na huyo anasimamishwa hata kama wengine wanaendelea.

Prosesa nyingine hukiri zenyewe. Sakinisha rasdaemon, inayokusanya makosa yanayoripotiwa na mashine yenyewe, iwashe kwa `sudo systemctl enable --now rasdaemon`, na baada ya bildi kugoma uliza `sudo ras-mc-ctl --errors`. Kwenye Windows fungua Event Viewer na utafute WHEA-Logger, namba 18 au 19. Ukikuta kosa lililoandikwa kwa jina la prosesa, kesi imeisha. Usipokuta, prosesa haijaachiliwa, kwa sababu ubovu wa hatari kuliko wote ni ule usiojulikana hata na prosesa yenyewe. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walichapisha mfano wa kiini kimoja kilichoulizwa 1.1 kwa kipeo cha 53. Jibu kwa namba nzima ni 156. Kiini kile kilijibu 0, bila onyo lolote. Programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa ilitegemea hesabu hiyo kujua ukubwa wa faili, ikaona ni sifuri, na mafaili yakapotea. Google nao mwaka huohuo walieleza kwamba wamekuta viini vya namna hiyo vichache katika kila mashine elfu kadhaa.

Tiba. Ubovu ulio ndani ya silikoni hauponi kwa kupakia mfumo upya, na fedha za kazi hiyo umezitoa bure mara mbili. Kukiwa na waranti, peleka daftari lako na mistari ya dmesg. Wakati unasubiri, mfungie nje mbovu:

`echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu5/online`

Fanya hivyo kwa CPU zote mbili za kiini hicho. Amri hii hufutika kompyuta ikizimwa, hivyo iweke kwenye huduma ya systemd inayoendeshwa kila inapowaka. CPU 0 kwa kawaida haikubali kuzimwa. Kama mbovu ni hiyo, jaribu kuondoa ile kasi ya ziada: kwa Intel andika 1 ndani ya `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`, kwa AMD andika 0 ndani ya `/sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`. Bildi zikianza kupita kumi kwa kumi, prosesa imechoka na haiwezi tena kasi iliyoahidiwa.

Kuna jambo tunaloliona zito kuliko bildi zilizogoma, nalo ni zile zilizopita. Kiini kilichoangusha kompaila kinaweza pia kuwa kimeiacha ikamaliza huku kikiandika namba isiyo sahihi ndani ya programu. Programu yako inahesabu fedha za wakulima. Kila ulichobildi kwenye mashine hiyo kibildi upya kwenye mashine nzima kabla hujampa mtu, na hazina yako ya kodi ikague kwa `git fsck --full`.

Mkwawa, Iringa

*Nasoma chuo, natengeneza programu ya simu kwa laptopu ya RAM GB 4. Kila nikibildi naambiwa "Gradle build daemon disappeared unexpectedly". Rafiki yangu anasema prosesa imekufa.*

Prosesa yako huenda ni nzima kabisa. RAM ndiyo haitoshi. Android Studio yenyewe, Gradle (chombo chake cha kubildi) na kivinjari kilichofunguliwa pembeni vinagombania GB 4. Ukiweza kuona namba ya kutokea (ambayo programu huiacha inapoisha), 137 ni 128 jumlisha 9: programu imeuawa, na kwa laptopu yako muuaji ni uhaba wa RAM. Namba 139 ni 128 jumlisha 11: imeanguka yenyewe. 132 ni agizo ambalo prosesa haikulitambua, na hiyo ikija na kuondoka kwenye mashine moja, anza kuitilia shaka.

Ndani ya gradle.properties weka `org.gradle.jvmargs=-Xmx1536m` na `org.gradle.workers.max=2`, funga kila kitu kingine, bildi kutoka terminali bila Android Studio, na ongeza eneo la swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) la GB 4. Ukipata fedha, kijiti cha GB 8 kitakufaa kuliko prosesa mpya.

Kama baada ya hapo Java bado inaanguka, itaacha faili linaloanza na hs_err_pid. Soma mistari ya juu, palipoandikwa "Problematic frame". Kusanya mafaili matano. Yote yakitaja mahali pamoja, ni kasoro ya programu, badilisha toleo la Java. Kila moja likitaja mahali pake, fuata hatua tulizompa mwenzako wa Uyole.

Mafinga

*Mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko chuo Mbeya, nataka kumnunulia kompyuta ya mezani iliyotumika, muuzaji anasema ni Core i9 kizazi cha 13. Nimesikia hizo zinaharibika. Ninunue?*

Shikamoo mama. Ulichosikia kina ukweli. Mwaka 2024 Intel walieleza kwamba prosesa za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na 14, zile za wati 65 na kuendelea, zilikuwa zinaweza kujiomba volti kubwa kupita kiasi. Volti hiyo ilichakaza sehemu inayosambaza mapigo ya saa ndani ya viini, na polepole prosesa ikaanza kuhitaji volti ya juu zaidi ili ifanye kazi ileile. Dalili zilikuwa gemu kuanguka, mafaili yaliyobanwa kukataa kufunguka, na bildi kugoma hovyo. Intel walitoa maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa yenyewe) za marekebisho, 0x129 na 0x12B mwaka 2024, kisha 0x12F mwaka 2025, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Maikrokodi huzuia uchakavu usianze. Prosesa iliyokwisha kuchakaa haiirudishi.

Kwa hiyo usinunue kwa maneno. Mwambie kijana aende na flashi yenye Ubuntu na aombe muda wa saa mbili. Kwanza aingie BIOS aone toleo na tarehe yake. Asitegemee namba inayoonyeshwa na Linux peke yake, kwa sababu Linux hupakia maikrokodi yake mpya kila inapowaka na inaweza kuficha BIOS ya zamani. Halafu aendeshe `7z b 20`, na mprime kwa saa moja, na abildi kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux mara tatu kwa viini vyote. Kosa moja tu, aondoke. Muuzaji akikataa mashine isipimwe, aondoke pia. Na aulize boksi na risiti ya prosesa, kwani bila hivyo waranti ni ngumu kuidai.

AMD nao walipitia yao. Mwaka 2017 baadhi ya prosesa zao za Ryzen za kwanza zilikuwa zinaangusha kompaila kwenye Linux bildi nyingi zikienda sambamba. AMD walikiri na kuwabadilishia waliolalamika. Bado zimo kwenye soko la mitumba, na kipimo ni kilekile: bildi ndefu, viini vyote.

Njombe

*Huku kwetu ni juu na Julai kuna baridi kali. Je, mwinuko na baridi vinaharibu prosesa?*

Baridi yenyewe ni rafiki wa prosesa. Kinachoua ni unyevu: mashine iliyolala kwenye gari usiku wa ukungu ukiiingiza chumba chenye joto, mvuke hutua juu ya madabodi kama umande. Iache saa mbili au tatu bila kuichomeka. Mwinuko una athari ndogo: kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko pwani, hivyo feni hubeba joto pungufu kidogo, hasa inapokuwa imejaa vumbi. Isafishe mara kwa mara. Miale ya anga ni mingi zaidi milimani na inaweza kugeuza biti moja kwenye RAM, lakini tukio hilo hutokea mara moja na kupita. Haligomeshi bildi kila siku.

Msimu unakusaidia kutafuta ubovu. Mashine inayobildi vizuri Julai ikagoma Oktoba mchana ina udhaifu unaoamshwa na joto. Usiiamini kwa sababu tu leo imepita.

Tunduma

*Mafundi wenzangu, mteja kaleta mashine ya Intel, RAM inaonekana nusu na bildi zinagoma. Prosesa nimeijaribu kwenye bodi nyingine, ni nzima.*

Fundi, tazama pini za soketi. Kijiti cha RAM huongea na prosesa moja kwa moja kupitia pini hizo, na pini moja iliyopinda inatosha kuua chaneli nzima au kuifanya iguseguse. Toa prosesa, mulika kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Pini zote zinapaswa kumeta kwa mstari mmoja. Iliyopinda inameta peke yake au haimeti kabisa. Tumia lenzi na ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi: ivishe pini, inyooshe kidogo kidogo kwa kuifuata jirani yake. Ukiirudisha nyuma na mbele mara kwa mara inaweza kukatika.

Kabla ya kurudisha prosesa, futa vitako vyake vya dhahabu kwa pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti ikiingia hapo nayo huleta matatizo yaleyale. Kaza skrubu za kipooza joto kwa mkingamo, nusu mzunguko kila moja, kwa sababu ukikaza upande mmoja hadi mwisho prosesa huinama na pini za upande wa pili hazigusi vizuri. RAM yote ikionekana, usimpe mteja bado. Memtest86+ mizunguko minne, kisha bildi kumi.